Daktari kasema nimepona, mbona mguu haukubali kupanda ubao?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 31, naishi Msasani na mama yangu mzazi. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza ama ananicheka ama ananikataza, na mimi nataka mtu anijibu.

Ninacheza mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao. Nilianza kwa kuwashonea vijana wa Coco Beach mifuko ya kubebea mbao zao. Siku moja wakaniambia, dada, tupunguzie bei tukufundishe. Wakanifundisha kweli, na tangu hapo sijapenda kitu kingine kama kile. Mwezi wa kwanza mwaka huu, maji yakiwa yamekupwa, nilikuwa natoka baharini ubao uko kwapani. Nilishamaliza kabisa, natembea tu. Mguu wa kulia ukazama kwenye shimo la mwamba, mwili ukaenda upande wa pili. Mlio niliusikia mwenyewe.

Kifundo kilivunjika mifupa miwili, wa nje na wa ndani. Nikapasuliwa, nikawekewa bamba la chuma na skrubu. Nikakaa na P.O.P, ile plasta ngumu, yakaja magongo, nikapewa karatasi ya mazoezi na kufundishwa kutembea upya. Mwezi wa tano, kliniki ya mwisho, daktari akatazama picha ya eksirei akasema mfupa umeunga vizuri, endelea na shughuli zako. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia nesi.

Lakini Shangazi, mguu huu si ule. Barabarani natembea, mtu asiyejua hawezi kujua. Kushuka ngazi nashuka kwa kuchechemea. Kuchuchumaa chooni siwezi, kisigino kinanyanyuka na ninashika ukuta. Kwenye swala, nikikaa tahiyatu mguu wa kulia haukubali kusimama juu ya vidole, kwa hiyo naswali kwenye kiti na umri wangu huu. Nikishinda kwenye cherehani, jioni kifundo kimevimba hadi kiatu kinabana. Na juu ya unyayo, karibu na kovu, kuna sehemu ina ganzi, ukinigusa nahisi kama unamgusa mtu mwingine.

Sasa kusi limeingia na mawimbi yamekuwa mazuri. Juzi nilikwenda Coco kuwatazama wenzangu tu. Nilipokanyaga mwamba moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka, nikarudi mchangani nikakaa hadi wakatoka.

Mama anasema bahari imenikataa. Ametoka ukoo wa wavuvi, kwao jambo kama hili halitokei bure. Kila usiku ananikanda kwa maji ya moto na chumvi, anaukandamiza mguu mpaka natokwa machozi, na sina moyo wa kumzuia kwa sababu najua ni upendo. Kijana mmoja wa pale ufukweni anasema nisithubutu kuingia mpaka vyuma vitolewe. Mwingine anasema funga bandeji, ingia, mguu utazoea humo humo.

Nimsikilize nani? Nitarudi kweli? Lini? Na mama nimwambieje?

Fundi wa Msasani

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Utarudi baharini. Si wiki hii, na tarehe sitakupa, kwa sababu kalenda haiuoni mguu wako. Nitakupa vipimo vya kujipima mwenyewe nyumbani, kwa futi ile ile unayowapimia wateja, na mguu ndio utakaosema lini.

Kwanza tumtendee haki daktari. Alitazama eksirei, na eksirei inaonyesha mfupa. Kifundo kilichofungwa chuma kwa kawaida huunga kati ya wiki 6 na 12, kwa hiyo alichokuambia ni kweli na ni habari njema. Ila kuna mengi ambayo ile picha haina uwezo wa kuyaonyesha. Haionyeshi mfuko unaozunguka kiungo, ambao ukikaa wiki nyingi ndani ya P.O.P hukaza na kupungua. Haionyeshi shavu la mguu lililosinyaa kwa kukosa kazi. Lilinganishe na la kushoto mbele ya kioo utaliona. Wala haionyeshi nyuzi za fahamu zilizomo ndani ya kano, zile zinazoujulisha ubongo, bila wewe kutazama chini, kwamba mguu umelalia upande huu au ule. Ulipoanguka, kano zilivutika pamoja na mifupa, na kazi ya hizo nyuzi inabidi ifundishwe upya. Ndiyo maana lami unaimudu, ngazi na choo vinakushinda.

Na ile karatasi ya mazoezi ilikufikisha mahali ilipokusudia kukufikisha: utembee, uende sokoni, urudi kazini. Aliyeiandaa hakujua kwamba kuna ubao unakusubiri. Umebakiza nusu ya pili ya safari, na mimi ningependa uitembee na mtu. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, iwe MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, CCBRT hapo hapo Msasani, au kituo kingine kilicho karibu na mfuko wako, na neno la kwanza kumwambia liwe kwamba wewe unapanda mawimbi. Atapanga mambo tofauti kabisa. Wagonjwa wengi hunyamaza juu ya michezo yao, hasa wanawake, wakidhani wataonekana wanacheza wakati watu wanaumwa. Sema.

Sasa tuje kwenye mguu wenyewe. Hukuniambia unauweka mbele au nyuma unaposimama kwenye ubao. Wengi huweka wa kushoto mbele na wa kulia nyuma, basi nichukulie nawe uko hivyo. Mguu wa nyuma ndio usukani. Unakaa juu ya mapezi yaliyo chini ya ubao, na ubao hugeuka kwa wewe kukandamiza kisigino au vidole. Kabla ya hapo, pale unapojinyanyua kutoka tumboni, vidole vya mguu huo hukunjika na kubeba uzito huku kifundo kikijikunja. Unaona kinachofanana? Ni mkao ule ule wa tahiyatu unaokushinda. Na ukishasimama, magoti hukunjwa, mwili hushuka, na kifundo hudaiwa kile kile kinachodaiwa chooni. Kwa hiyo usiyachukulie matatizo ya swala, ya choo na ya ubao kama matatu. Ni moja. Na kuhusu kiti, swali juu yake kwa amani, dini yenyewe imemruhusu mgonjwa.

Kipimo cha kwanza ni cha ukutani. Simama peku ukiutazama ukuta, mguu unaoupima mbele. Sogeza goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka hata kidogo. Ukifanikiwa, rudisha mguu nyuma kidogo, ujaribu tena, mpaka ufike mahali ambapo goti linagusa kwa shida. Pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Kisha fanya hivyo kwa mguu wa kushoto. Watu wazima wengi wenye vifundo vizima hufika sentimita 10 au zaidi, lakini namba ya watu wengine haikuhusu sana. Mguu wako wa kushoto ndio wa kulinganisha nao. Kila sentimita ni kama digrii tatu na nusu za kukunjika. Tofauti kati ya miguu yako miwili ikibaki sentimita 2 au chini, mlango huo umefunguka. Sasa hivi nadhani tofauti ni kubwa, na usivunjike moyo ukiiona.

Kipimo hicho hicho ndicho dawa yake. Asubuhi na jioni, goti kuelekea ukutani, taratibu, mara 15 hivi, kisha ukae pale mwisho kwa nusu dakika. Utasikia mvuto nyuma ya mguu, huo ni mzuri. Ukisikia kitu kimebana mbele ya kifundo kama kuna kokoto, punguza, na umwambie mtaalamu wako, kwa sababu yeye ana namna ya kukisukuma kiungo kwa mikono ambayo wewe peke yako huiwezi.

Hapa namleta mama. Mwanangu, maji ya moto si adui. Kovu lililofunga likipata joto kabla ya mazoezi hulainika, na mguu unakubali zaidi. Lakini mambo mawili yananitia wasiwasi. Una ganzi juu ya unyayo. Mishipa midogo ya fahamu hupita karibu sana na mahali wanapopasua, na ganzi ya namna hiyo hutokea mara nyingi, nyingine hupungua kadiri miezi inavyopita. Lakini mahali penye ganzi hapajui kulalamika maji yakiwa ya moto kupita kiasi. Unaweza kuungua ukiwa umekaa unaongea. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mama, si kwa mguu wako. La pili ni kukandamiza. Upande wa nje wa kifundo hakuna nyama, bamba liko chini ya ngozi tu, na kulisukuma kwa nguvu kila usiku ni kuamsha uvimbe ambao mchana mzima ulishaongezeka. Machozi si dalili kwamba tiba inafanya kazi.

Usimkatalie mkono wake, mpe kazi nyingine. Mwombe mafuta ya nazi, alisugue kovu kwa vidole viwili, kwa mizunguko midogo, polepole, ili ngozi isigande na kilicho chini yake. Kisha auchue mguu wote kwa viganja laini kutoka vidoleni kupanda gotini, wewe umelala na mguu juu ya mito miwili. Maji ya uvimbe yanarudi kwa njia hiyo. Mama aliyezoea kukanda atalifanya vizuri kuliko mtu yeyote utakayemlipa.

Uvimbe wa jioni kwa mtu aliyepasuliwa kifundo unaweza kuendelea hadi mwaka, usikutishe. Ila kazi yako inauongeza. Kama cherehani yako ni ya kukanyaga, kule kukanyaga ni kuzuri, kunafanya kifundo kipande na kushuka. Tatizo ni saa nyingi za mguu kuning'inia. Kila ukimaliza nguo moja, nyoosha mguu juu ya stuli, chezesha vidole na kifundo kwa dakika chache, kisha uendelee. Jioni weka kitambaa chenye barafu dakika 10 au 15, usiweke barafu tupu juu ya ile ganzi.

Kipimo cha pili ni nguvu. Simama kwa mguu mmoja, ncha za vidole ukutani kwa ajili ya kujishikiza tu, nyanyua kisigino hadi mwisho na ushuke polepole. Hesabu. Mtu mzima mwenye mguu imara hukaribia 25, lakini tena, linganisha na kushoto. Kama kushoto unafika 24 na kulia unakomea 6, basi ndiyo sababu unachechemea kwenye ngazi, kwa sababu shavu la mguu ndilo linalokushusha taratibu. Anza kwa miguu miwili pamoja, panda kwa miwili ushuke kwa mmoja, halafu mmoja mtupu. Seti 3 za mara 12, siku moja ndiyo siku moja hapana, msuli unajengeka siku ya kupumzika. Ikiwa rahisi, shika ndoo ya maji mkononi. Lita 10 ni kilo 10, huhitaji kwenda jimu. Kwa misuli ya pembeni, kata tyubu kuukuu ya baiskeli, ifunge mguu wa kitanda, uvute kwa unyayo kwenda nje na kwenda ndani.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanaruhusiwa. Mimi huwaambia wagonjwa wangu wausikilize mguu asubuhi inayofuata: ukiamka ukauma au ukavimba zaidi ya jana, ulizidisha, rudi hatua moja. Ukiamka kama kawaida, songa mbele.

Usawa ndio hupuuzwa kuliko yote, na kwa mpanda ubao ndio wenyewe. Simama kwa mguu wa kulia peku ukipiga mswaki. Ukimudu nusu dakika, funga macho. Utashangaa jinsi mguu utakavyotetemeka. Hizo ni zile nyuzi za fahamu zinatafuta njia. Baadaye hamia mchangani, kwanza mchanga mgumu uliolowa, halafu ule mkavu unaozama. Halafu kuruka: kwa miguu miwili papo hapo, kwenda pembeni, mwisho kwa mguu mmoja mbele. Kuruka kwa mguu mmoja kusianze kabla kipimo cha ukuta na cha kisigino havijakaribiana na kushoto. Na tandika mkeka sebuleni, lala kifudifudi, jinyanyue kama uko kwenye ubao, mwanzoni kwa kupitia goti, polepole, hadi vidole vya nyuma vizoee kubeba. Siku utakayoshuka chini hivyo na kupanda bila kufikiria kifundo, utaniandikia.

Lini basi? Kwa kifundo kilichovunjika mifupa miwili, wengi hurudi kwenye michezo ya namna hii kati ya miezi 6 na mwaka. Wewe uko kwenye wa tano. Kelly Slater, bingwa wa dunia mara 11, alivunjika mguu Jeffreys Bay, Afrika Kusini, mwezi wa saba 2017, na sehemu kubwa ya mashindano ya 2018 ilimpita. Huyo kazi yake yote ni kupanda mawimbi. Usijione mzembe. Kusi litavuma mpaka mwezi wa tisa hivi, na likiondoka kuna kaskazi.

Sasa nataka usome tena barua yako mahali pale ulipovunjika. Umeandika ulishamaliza, unatembea tu, maji yamekupwa. Wimbi halikukuvunja, mwanangu. Ulivunjwa na mwamba, wakati wa kutoka, wakati ambao kila mtu hulegeza akili kwa sababu mchezo umeisha. Hili ndilo ningependa likae kichwani mwako kuliko zoezi lolote, kwa sababu linabadilisha mahali pa kuweka tahadhari. Kwa fukwe zetu za Dar, hatari kubwa ya kifundo ni ile safari ya miguu kati ya mchanga na maji.

Hivyo rudi kwa kuchagua mahali na maji. Coco ina miamba ambayo maji yakikupwa hubaki wazi, yenye mashimo na miiba, na yakijaa hufunikwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, bahari yetu hukupwa sana kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Waulize wavuvi wa hapo Msasani, wataikokotoa kwa vidole. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Lakini kwa mara za mwanzo ningekuvusha kabisa upande wa pili, Kigamboni, kwenye fukwe za mchanga za Mjimwema, ambako unaingia na kutoka mguu ukikanyaga kitu kimoja. Coco isubiri hadi mguu uumudu mchanga mkavu kwa macho yaliyofumbwa. Na ukirudi Coco, ingia maji yakiwa yanapanda, toka kabla hayajashuka sana, vaa viatu laini vya majini, na kwenye kina kifupi lala juu ya ubao upige mikono mpaka tumbo la ubao liguse. Usishuke mapema kutembea.

Mara za mwanzo usisimame kabisa. Lala kifudifudi, acha povu likusukume hadi ufukweni. Mabega yatakuwa yamelegea kwa miezi yote hiyo, nayo yanahitaji kurudi. Ukianza kusimama, omba ubao mrefu mpana wa sponji, futi nane au tisa, kwenye mawimbi ya kiunoni. Ukianguka, anguka kwa ubavu au mgongo, mwili umetandazwa juu ya maji. Kuruka kwa miguu kutoka kwenye ubao penye kina usichokijua ndiko kunakovunja vifundo vya watu.

Kuna kitu kimoja ambacho huenda hakuna atakayekuambia. Ile kamba ya kufungia ubao hufungwa kifundo cha mguu wa nyuma, yaani kwako itakaa juu ya bamba lenyewe, na wimbi likiuvuta ubao, ukanda wote utavutia pale. Zipo kamba za kufunga chini ya goti, wanaopanda mbao ndefu huzitumia sana. Tafuta hiyo. Wewe ni fundi, ukanda mpana wenye sponji ndani unaweza hata kuushona. Ila usiingie bila kamba; ubao uliokuponyoka unampiga mwenzako na kukuacha bila cha kushikilia.

Kuhusu vyuma, yule kijana hana hoja. Watu wengi huishi navyo maisha yote na kucheza navyo. Hutolewa vikisumbua, vikichoma ngozi, kiatu kikigusa pakauma, na mara nyingi baada ya mwaka. Tena vikitolewa, matundu ya skrubu huuacha mfupa dhaifu kwa wiki kadhaa, ungerudi nyuma. Muulize daktari wako jambo moja tu: kama ipo skrubu ndefu inayovuka kutoka mfupa wa nje kuingia wa ndani. Hiyo baadhi ya madaktari hupenda kuamua habari zake kabla mtu hajarudi michezoni. Na yule wa kufunga bandeji ukaingia hivyo hivyo, mshukuru kwa moyo wake, usimfuate.

Hofu uliyoipata pale mwambani ni ya haki. Mwili umepakumbuka mahali palipoumia. Haitatoka kwa kujilazimisha, wala kwa kukaa nyumbani. Nenda Coco maji yakiwa yamejaa, kaa na wenzako, kula mihogo yako, ukanyage mchanga uliolowa, urudi. Siku nyingine mshike mtu mkono, ukanyage mwamba wa kwanza ulio bapa, usimame hapo mpaka moyo utulie, halafu urudi. Hofu hupungua ukiondoka mahali ukiwa umetulia. Ukikimbia, inabaki pale ikikungoja.

Mambo haya yakitokea acha kila kitu uende hospitali siku hiyo hiyo: kovu kuwa jekundu, la moto au kutoa usaha, homa isiyoeleweka, shavu la mguu kuvimba na kuuma upande mmoja tu, na zaidi sana ukikosa pumzi, maumivu mapya mahali pamoja juu ya mfupa kila ukikanyaga. Mguu ukianza kuungua na kubadilika rangi bila sababu, nako usisubiri. Na ukichomwa miiba au kukatwa na mwamba karibu na chuma, osha vizuri kwa maji safi na sabuni, usirudi baharini mpaka pafunge, hasa baada ya mvua kubwa ambapo maji ya mitaro yanashuka ufukweni.

Mama hakatai mchezo wako, anaogopa kukuona tena ukibebwa. Usibishane naye kuhusu bahari kukataa watu. Yeye ameijua kabla yako, na watu wa kwao wameipa heshima kwa sababu imewachukulia ndugu. Mwambie kwa heshima: mama, nilivunjwa na jiwe wakati maji yamekupwa, na sitaingia tena bila kujua maji yamekaaje. Halafu mwombe yeye akufundishe kusoma bamvua na maji mafu kama wazee wake walivyokuwa wakisoma. Siku ya kwanza Mjimwema mchukue, mvuke naye kwenye panton, akae ufukweni akuone umelala tumboni kwenye povu. Anaweza asikubali. Basi mwache akuone kila jioni ukutani na goti lako, ajue kwamba hujakurupuka.

Kesho asubuhi, kabla hujaketi kwenye cherehani, pima ukutani miguu yote miwili na uhesabu visigino. Niandikie namba nne hizo, na uniambie ni mguu upi unauweka nyuma.

Shangazi